Mali Bila Daftari: Funzo la Pesa Kutoka Ulimwengu Pepe

Ukitaja ulimwengu pepe, wengi wetu tunafikiria vijana waliovaa vifaa vya masikioni, wakipiga kelele usiku kucha kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Lakini je, wajua kwamba kwa zaidi ya miaka 20 wasomi wa uchumi, uhasibu na biashara wamekuwa wakiyachunguza malimwengu haya kwa makini sana? Hawaendi huko kucheza. Wanaenda kwa sababu ni mahali ambapo kila senti inayotoka mkono mmoja kwenda mwingine huandikwa.

Na sisi tunaotumia pesa kwa simu kila siku tuna mengi ya kujifunza huko. Tena kuna kisa kimoja cha watu waliopoteza akiba yao ambacho kila mteja anafaa kukijua. Twende polepole.

Ulimwengu pepe ni nini hasa?

Ni mahali palipojengwa ndani ya kompyuta ambapo watu wengi huingia kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Kila mtu ana avata, yaani umbo linalomwakilisha. Ukizima kompyuta yako, mahali pale pabaki vilevile, na wengine wanaendelea na shughuli zao.

Mfano unaojulikana sana ni Second Life, uliozinduliwa mwaka wa 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Huko hakuna adui wa kushinda wala alama za kutafuta. Watu hununua ardhi, hujenga nyumba, hushona nguo za avata, hufungua maduka na hufanya mikutano. Pesa ya huko huitwa Linden Dollar, na inaweza kubadilishwa kwa dola halisi ya Marekani. Kwa hivyo mtu anayeuza viatu vya avata anaweza kweli kulipa kodi ya nyumba kwa biashara hiyo. Si mchezo tena hapo.

Daftari linalojiandika lenyewe

Kila biashara ina mfumo wa taarifa, hata kama mwenyewe hajui jina hilo. Mama mboga ana kidaftari cha wanaodaiwa. Duka la jumla lina kompyuta ya hesabu. Sacco ina vitabu vyake. Kazi ya mifumo hii ni moja: kukuambia kilichotokea ili uamue la kufanya kesho. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatizo ni kwamba daftari la kawaida hukosa mengi. Linaonyesha aliyenunua nyanya. Halionyeshi aliyesimama, akauliza bei, akaguna na kwenda kwa jirani. Na siku ukiwa na wateja wengi, kuna mauzo ambayo hata hukuyaandika.

Katika ulimwengu pepe mambo ni tofauti. Mahali penyewe pameundwa kwa rekodi. Kitu kisichoandikwa kwenye seva hakikutokea. Nani aliingia dukani, alikaa dakika ngapi, alinunua nini, kwa bei gani, kisha akaenda wapi: yote yamo. Ndiyo maana mwaka wa 2007 Robert Bloomfield, profesa wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliandika makala ya kuwaalika wasomi wenzake wayatumie malimwengu pepe kuchunguza biashara za dunia halisi.

Watafiti walipata nini?

Wa kwanza kushtua watu alikuwa mwanauchumi Edward Castronova. Mwaka wa 2001 aliandika kuhusu Norrath, nchi ya kubuni ndani ya mchezo wa EverQuest. Wachezaji walikuwa wakiuziana panga na ngao za mchezo kwa dola halisi, kwa hivyo aliweza kupiga hesabu ya uchumi wa nchi hiyo isiyokuwepo. Alikadiria kwamba pato la kila mkaaji lilikuwa kama dola 2,266 kwa mwaka. Wakati huo hilo lilizidi pato la mkaaji wa nchi nyingi za kweli.

Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Indiana, yeye na wenzake walifanya jaribio la bei. Walijenga ulimwengu mdogo ulioitwa Arden na kutengeneza nakala mbili zinazofanana kabisa. Tofauti ilikuwa moja tu: dawa ya kurudisha nguvu kwenye nakala ya pili iliuzwa kwa bei maradufu. Wachezaji waligawanywa kwa bahati nasibu, wakaachwa wacheze kwa mwezi mmoja. Matokeo? Waliouziwa ghali walinunua dawa pungufu kwa asilimia 43. Kumbe hata mtu akijifanya shujaa wa hadithi, bado anahesabu senti zake kama kawaida. Ila tuwe wakweli, walikuwa wachezaji 43 tu, kwa hivyo hilo ni jaribio dogo.

Kampuni nazo hazikubaki nyuma. Mwaka wa 2006 kampuni ya hoteli ya Starwood ilijenga hoteli ya chapa yake mpya ya Aloft ndani ya Second Life kabla ya kufungua ya kwanza ya kweli mwaka wa 2008. Wageni wa avata walitembea humo na kutoa maoni kuhusu muundo. Kubomoa ukuta wa picha ni bei rahisi kuliko kubomoa ukuta wa saruji, sivyo?

IBM nayo ilifanya kongamano la wataalamu wake ndani ya Second Life mwaka wa 2008. Kwa hesabu ya IBM yenyewe, gharama ilikuwa kama moja kwa tano ya ile ambayo ingetumika kukutanisha watu hao ana kwa ana. Na CCP, kampuni ya Iceland inayomiliki mchezo wa EVE Online, iliajiri mwanauchumi mwaka wa 2007 ili afuatilie bei na biashara ndani ya mchezo na kuandika ripoti, kama vile benki kuu inavyofanya.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe

Ndani ya Second Life kulikuwa na benki iliyoitwa Ginko Financial. Ilikuwa na mashine za kutoa pesa, wateja, na riba ya kuvutia sana: zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka. Watu waliweka Linden Dollar zao humo, na pesa hizo zilikuwa na thamani halisi.

Mwezi Julai 2007 Linden Lab ilipiga marufuku kamari ndani ya ulimwengu huo. Watu wakaingiwa na hofu, wakakimbilia mashine za Ginko kutoa akiba zao. Pesa haikutosha. Kwanza ikaja foleni, halafu ahadi, halafu kimya. Mwezi Agosti benki ikafunga ikiwa na deni la takriban Linden Dollar milioni 200, yaani kama dola 750,000 za Marekani kwa bei ya wakati huo. Wateja walipewa hati za deni badala ya pesa zao. Mwezi Januari 2008 Linden Lab ikatangaza kwamba hakuna mtu ataruhusiwa tena kutoa riba kwa akiba humo bila ushahidi kwamba amesajiliwa na serikali kufanya kazi hiyo.

Hapa ndipo pa kusimama na kufikiria. Huu ulikuwa ulimwengu wenye daftari safi kuliko soko lolote duniani. Kila amana iliandikwa. Mteja angeweza kusoma salio lake hadi senti ya mwisho. Na bado pesa ilipotea.

Kwa nini? Kwa sababu salio ni maandishi ya unachodai. Halionyeshi kama anayedaiwa anayo pesa ya kukulipa. Wateja wa Ginko waliona ukurasa wao mmoja wa daftari. Hawakuona kurasa nyingine, na hakukuwa na msimamizi yeyote aliyezikagua kwa niaba yao. Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa. Lakini daftari bila mali ni wino tu.

Hii inakuhusu vipi?

Mwaka huohuo wa 2007, mwezi Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa hapa Kenya. Ukiangalia kijuujuu, mambo haya mawili yanafanana: namba kwenye skrini ambayo watu wamekubaliana kuiita pesa. Tofauti kubwa iko nyuma ya ile namba.

Kwa Kenya, Kanuni za Mfumo wa Kitaifa wa Malipo za mwaka wa 2014 zinataka pesa za wateja wa huduma za malipo kwa simu ziwekwe chini ya amana, kwenye benki, zikiwa zimetengwa na pesa za kampuni yenyewe. Kampuni haiwezi kuchukua salio lako ikalipia mishahara au ikamkopesha mtu mwingine. Na mtoa huduma lazima awe na idhini ya Benki Kuu ya Kenya. Linden Dollar, kwa upande wake, ni ruhusa tu ya kutumia kitu cha kampuni, kwa masharti ya kampuni.

Siku hizi kuna programu nyingi zinazokuja na maneno matamu: wekeza kwenye ardhi ya ulimwengu pepe, nunua sarafu ya mchezo, pata faida kila siku. Baadhi ni za kweli, baadhi ni mtego. Kabla hujabonyeza "tuma", jiulize maswali haya:

1. Nani amewapa leseni? Benki Kuu huchapisha orodha ya watoa huduma za malipo iliowaidhinisha. Kwa uwekezaji, uliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Usiandikie mate na wino ungalipo: orodha ipo, angalia.

2. Pesa yangu inakaa wapi? Kama jibu ni "kwenye mfumo", hilo si jibu. Mfumo ni daftari. Uliza pesa yenyewe iko benki gani na kwa jina la nani.

3. Faida inatoka wapi? Ginko ilitoa riba kubwa na wateja hawakuweza kuona biashara inayoilipa. Kama faida yako inategemea watu wapya kujiunga, wewe ndiye utabaki mlangoni siku wakiacha kuja.

4. Naweza kutoka? Usidanganyike kwa sababu ulijaribu kutoa shilingi 500 zikaja. Matapeli hulipa kidogo mwanzoni makusudi. Soma masharti ya kutoa pesa zote, si kidogo.

5. Nani anasoma daftari langu? Ulimwengu pepe hurekodi hata ulikosimama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumika vipi, kuiona, na kutaka irekebishwe ikiwa na makosa. Itumie.

Na kwa wazazi: shilingi ikishageuzwa kuwa almasi au nguo za mchezo, mara nyingi hairudi tena. Usimpe mtoto namba yako ya siri hata kama anataka "kununua kitu kidogo tu".

Fanya utafiti wako mwenyewe

Huhitaji ulimwengu pepe kufanya walichofanya watafiti wa Arden. Mfumo wa taarifa uko tayari mfukoni mwako.

Tuseme unauza samosa na wateja wengi hulipa kupitia till namba. Kwanza, tenganisha till ya biashara na akaunti yako binafsi, la sivyo karo ya watoto na mauzo vitachanganyika. Pili, omba taarifa ya miamala ya wiki mbili: ni saa ngapi watu hununua sana? Siku gani ni baridi? Tatu, badilisha kitu kimoja tu, kwa mfano bei kutoka shilingi 20 hadi 25, kwa wiki mbili nyingine, kisha linganisha. Ukibadilisha bei, mahali na ukubwa wa samosa kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichofanya kazi. Epuka pia kulinganisha wiki ya shule na wiki ya likizo.

Na usisahau kuandika mauzo ya pesa taslimu kwenye kidaftari. Till haiyaoni, na hesabu ya nusu inaweza kukudanganya kuliko kukosa hesabu kabisa.

Anza leo jioni ukifunga duka: pakua taarifa ya mwezi uliopita, iweke kando ya kidaftari chako, na uone kama vinakubaliana. Visipokubaliana, tafuta tofauti kabla hujalala.