Itikadi Si Mfumo wa Serikali

Katika kusahihisha insha za wanafunzi wetu, mara kwa mara tunakutana na sentensi kama hii: "Tanzania iliacha ujamaa ikawa demokrasia." Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Kasoro imo katika maana, kwani inalinganisha vitu visivyo vya aina moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha tofauti iliyopo, ili mwalimu aweze kuieleza darasani.

Itikadi hujibu swali: jamii iweje, na mali iwe ya nani? Hapa ndipo penye ujamaa, ubepari na ukomunisti. Mfumo wa serikali hujibu swali jingine: nani anatawala, amepataje madaraka, na anaweza kuondolewa vipi? Hapa ndipo penye jamhuri, ufalme, udikteta, chama kimoja na vyama vingi.

Tuchukue Tanzania na Kenya. Azimio la Arusha la 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, ilhali Kenya ilitoa nafasi kubwa kwa mali ya watu binafsi. Itikadi zilitofautiana. Hata hivyo, nchi zote mbili zilipata kuwa na chama kimoja kisheria: Tanzania mwaka 1965, Kenya mwaka 1982. Aidha, Tanzania ilirudisha vyama vingi mwaka 1992, lakini Katiba yake bado inaitaja kuwa nchi ya kijamaa. Mfumo ulibadilika, jina la itikadi likabaki.

Mfano wa pili unatoka mwambao wa Ziwa Mweru, ambako Zambia na Kongo zinatazamana. Mwaka 1967 Kenneth Kaunda alitangaza falsafa ya utu kuwa mwongozo wa Zambia; ng'ambo ya pili Mobutu alihimiza uhalisi wa Kiafrika. Itikadi mbili, lakini kila upande ukawa na chama kimoja, na pande zote mbili zikaacha utaratibu huo mwaka 1990. Tofauti ilijitokeza baadaye. Kaunda alishindwa katika uchaguzi wa 1991 akakabidhi madaraka. Mobutu alibaki hadi alipoondolewa kwa silaha mwaka 1997. Mwaka huohuo nchi yake ilirudia jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na vita vikafuata. Jina, basi, si ushahidi wa mfumo.

Vilevile, kusini mwa Nchelenge, huko Mwansabombwe, yupo Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Kuwapo kwake hakuifanyi Zambia kuwa ufalme, kwa kuwa sheria za nchi hutungwa na Bunge.

Kwa nini tunasisitiza jambo hili? Mwaka 2017 kituo cha muda kilifunguliwa Kenani, wilayani Nchelenge, kupokea wakimbizi kutoka Haut-Katanga na Tanganyika. Mwaka 2018 wengi wakahamishiwa Mantapala. Walivuka mpaka na Kiswahili chao. Mwalimu akimwambia mtoto wa huko kwamba nchi yake ni demokrasia kwa kuwa jina linasema hivyo, mtoto atajua kuwa somo na maisha yake havipatani. Akimfundisha kuuliza "nani alikuwa na nguvu, na nani angeweza kumzuia?" atakuwa amempa chombo cha kufikiri.

Mtoto huyo huenda akaandika "Leta" kwa maana ya dola, neno la Kiswahili cha Kongo lililotoka Kifaransa. Tusilifute kwa kalamu nyekundu. Tulitumie kuonyesha kuwa dola, serikali na itikadi ni mambo matatu. Tuwe waangalifu pia na maneno yenye hukumu ndani yake: beberu ni mbuzi dume, na bepari awali ni mfanyabiashara tu. Mwanafunzi atambue lini anaeleza na lini anatukana.

Kwa kumalizia, tunapendekeza zoezi jepesi. Chora jedwali la safu mbili, itikadi na mfumo wa serikali, kisha darasa lijaze nchi tano za jirani, kila moja na mwaka wake. Bila mwaka, ulinganisho hauna maana.