Nganya ikianza kutumia stima, nani ataichora?

Kama wewe ni wa Buruburu, bila shaka umewahi kuacha mathree mbili tatu zipite steji, zote zikiwa na nafasi, kwa sababu unangoja nganya fulani. Barabara ni ileile na tao ni kulekule. Lakini hiyo unayoingoja ina skrini kila mahali, besi inayotikisa kifua, na mchoro ubavuni ambao ukiupiga picha jua likitua, mbogi yote itakuuliza umeipandia wapi. Kabla hamjashika Jogoo Road, tayari umeposti.

Mzazi wako huita hiyo kuharibu bando. Kuna ukweli hapo, ila si wote. Video yako ya sekunde 15 ni sehemu ya biashara kubwa. Mwenye gari amekopa mamilioni ya shilingi, na sehemu ya pesa hizo imeenda kwa wachoraji, mafundi wa taa na mafundi wa muziki. Pesa hizo hurudi tu iwapo kuna abiria kama wewe, aliye radhi kungoja. Wewe ndiye tangazo lake, na hakulipi hata ndururu.

Sasa kuna mgeni barabarani. Mabasi ya umeme yameshaingia Nairobi. Ni matulivu, hayatoi moshi, na mengi yamepakwa rangi ya kampuni tu, bila mchoro wowote wa kukufanya utoe simu mfukoni. Siku yatakapochukua nafasi ya nganya za dizeli, sanaa hii itaenda wapi? Na wale vijana wanaokula kwa rangi na brashi? Usidhani ni swali la serikali na matajiri peke yao. Kile unachokitazama kwenye simu kina mchango wake katika jibu.

Sanaa iliyofutwa ikarudi

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Jina matatu linatokana na senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, ambayo ndiyo ilikuwa nauli enzi hizo. Magari haya yalihesabiwa kuwa ya kimagendo hadi 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu kubeba abiria bila leseni zilizokuwa zikihitajika. Baadaye zikaja rangi, majina, muziki na ushindani wa mitaa.

Halafu zikaja kanuni za Michuki. Kuanzia Februari 2004, chini ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki, kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo, mikanda ya usalama na ule mstari wa manjano unaoujua. Michoro ikafutwa. Hakuna anayeweza kukataa kwamba mikanda iliokoa watu. Lakini wachoraji walijikuta bila ukuta wa kuchorea. Ilichukua miaka kabla ya rangi kurudi polepole, na Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alipokuja kuitetea hadharani kama kazi ya vijana, nganya zilifufuka kwa kishindo.

Kuna funzo hapo. Mara ya kwanza, usalama ulikuja na sanaa ikaondoka kwa sababu hakuna aliyekaa chini kupanga jinsi vitu hivyo viwili vingeishi pamoja. Safari hii kinachokuja ni hewa safi. Tukizubaa, hadithi itajirudia.

Mtaa wa wasanii

Usifikiri namaanisha urembo tu. Mtaa wako una historia ya sanaa kuliko wengi wanavyojua. Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ndiyo maana hadi leo tunahesabu kutoka Phase 1 hadi Phase 5. Jina la mtaa huu limebebwa na chuo cha sanaa, Buruburu Institute of Fine Arts, ambacho wengi hukiita BIFA. Mmoja wa waliopita hapo ni Dennis Muraguri, msanii ambaye amejenga jina lake kwa kuchora matatu. Yeye huchonga picha kwenye ubao, akaupaka wino na kuuchapisha kwenye karatasi kubwa. Zile fujo za steji, makanga akining'inia mlangoni, majina na vibandiko, vyote vimo. Kazi hizo zimetundikwa kwenye magalari na kununuliwa na watu ambao labda hawajawahi kupanda gari la 58.

Hapohapo mtaani kuna Brush Tu, kikundi kilichoanzishwa 2013 na Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku. Walianza kwa kugawana nafasi ya kufanyia kazi, wakawavuta wasanii wengine chipukizi, na leo jina lao linajulikana katika ulimwengu wa sanaa ya kisasa Nairobi.

Kwa hivyo msee anayechora nganya na msee anayeuza picha kwenye galari wameanzia mtaa mmoja, na wanachora kitu kimoja. Tofauti ni kwamba mmoja anaalikwa kwenye maonyesho, na mwingine anaulizwa na polisi rangi hiyo imeidhinishwa na nani.

Kile kisichoonekana kwenye video

Sasa tuseme ukweli kuhusu nganya zetu. Nyingi huanza maisha kama chesisi ya lori la dizeli, mara nyingi Isuzu, kisha mafundi wa hapa nchini huijengea bodi. Video yako huonyesha taa za mbele. Haionyeshi bomba la moshi nyuma, wala mama anayeuza mboga kando ya Jogoo Road akivuta moshi huo kutoka asubuhi hadi jioni.

Tangu 2012, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Si suala la harufu mbaya tena. Gari likikaa kwenye msongamano injini ikinguruma ili muziki na skrini ziendelee, wanaoumia kwanza ni dereva, makanga, na wewe uliyekaa humo.

Upande wa pili, Kenya ina bahati ambayo nchi nyingi hazina. Karibu asilimia 90 ya stima inayozalishwa nchini hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke unatoka Olkaria, karibu na Naivasha. Upepo unatoka kule Loiyangalani, Marsabit, ambako mitambo 365 ina uwezo wa megawati 310. Gari la umeme likichajiwa Nairobi, hatujahamisha moshi kutoka Jogoo Road kwenda kuupeleka kijiji kingine. Sehemu kubwa ya moshi huo haipo kabisa.

Tena mvuke wa Olkaria haulali. Usiku watu wanapozima taa, mitambo huwa na uwezo wa kuzalisha stima kuliko inayohitajika, na mvuke mwingine huachiliwa hewani. Hiyo ni sababu moja ya bei maalum ya kuchaji magari iliyoanza Aprili 2023: Sh16 kwa uniti saa za kawaida, na Sh8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Matatu hulala usiku. Hesabu hiyo inajifanya yenyewe.

Hesabu ya betri na besi

Kampuni ya BasiGo ilianza majaribio ya mabasi yake Nairobi Machi 2022, ikitumia mabasi ya BYD ya abiria 25 yenye uwezo wa kwenda takriban kilomita 250 kwa chaji moja. Kwa sababu betri ndiyo ghali zaidi, mpango wake wa kwanza ulikuwa mwenye gari anunue basi bila betri, kisha alipe Sh20 kwa kila kilomita kwa matumizi ya betri na chaji.

Utauliza: je, basi la aina hiyo linaweza kubeba muziki wa nganya? Tupige hesabu ya mtaani. Tuseme muziki, skrini na taa vinakula kilowati mbili, na gari liko kazini saa 12. Hiyo ni uniti 24. Kwa bei ya usiku ni Sh192 kabla ya kodi, pesa ambayo haiwezi kumtisha mwenye gari. Lakini tuseme basi linatumia nusu uniti kwa kilomita. Uniti 24 ni sawa na kilomita 48, yaani trip mbili nzima za Buruburu kwenda tao na kurudi, na chenji ibaki.

Kwa hivyo besi haikatazwi, ila ina bei unayoweza kuihesabu kwa kilomita. Fundi atakayejua kuchagua taa na spika zisizokula stima nyingi atatafutwa kuliko yule anayejua kupandisha sauti tu. Ila pia kuna hatari mpya. Ndani ya basi la umeme kuna nyaya za rangi ya machungwa zinazobeba volti mia kadhaa. Fundi aliyezoea kukata waya wowote anaouona ili aunganishe skrini anaweza kupoteza maisha. Anayetaka kuendelea na kazi hii anapaswa kujifunza sasa, siyo siku gari la kwanza litakapoegeshwa mbele ya gereji yake.

Wapo watakaosema stima yetu hukatika. Ni kweli. Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi. Basi lililokwisha kuchajiwa litaendelea siku hiyo, lakini kesho yake lazima lipate mahali pa kuchaji. Anayekuambia umeme hauna shida, anakuuzia kitu.

Rangi itapata nafasi?

Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Nganya ya dizeli hupita mikononi mwa vijana wengi kabla haijaingia barabarani, kwa sababu bodi yake inajengwa hapa, karatasi ya chuma kwa karatasi ya chuma. Basi la umeme huja na umbo lililokwisha kupangwa na kiwanda, hata likiunganishwa hapa nchini. Nafasi ya mjenzi wa bodi inapungua, na ya mchoraji inaweza kutoweka kabisa, kama aliyenunua hataona faida ya kumwita.

Lakini rangi ya nje haigusi betri. Mchoro haupunguzi hata kilomita moja. Hakuna sababu ya kiufundi ya kufanya basi safi liwe basi lisilo na sura. Sababu pekee ni kwamba kampuni nyingi zinaamini abiria wa basi la umeme ni mtu wa ofisi anayetaka kimya, na kwamba wewe kijana wa Eastlands unataka kelele na moshi tu. Nani aliwaambia hivyo? Huenda ni sisi wenyewe, kwa vidole vyetu.

Kazi yako wewe

Ripoti ya 2023 ya Reuters Institute kuhusu habari za kidijitali iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizochunguza kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa walisema wanaitumia. Na TikTok yenyewe imeeleza kwamba kutazama video hadi mwisho ni mojawapo ya ishara zenye uzito mkubwa katika kuamua utaonyeshwa nini baadaye. Huhitaji hata kubonyeza moyo. Ukikaa tu ukitazama nganya ikilalia upande mmoja kwenye kona, watu wakining'inia mlangoni, umeomba uletewe zaidi, na dere mwingine ameona kinacholeta jina.

Basi tumia mazoea hayohayo kwa akili kidogo. Ukipanda basi la umeme, lirekodi pia, na useme lilikosa nini. Mtagi mwenye kampuni umuulize kwa nini ubavu wake uko mtupu wakati kuna mtaa mzima wa wachoraji. Ukiposti mchoro wa nganya, muulize makanga ni nani aliuchora, uandike jina lake, kwa sababu wengi wa wasanii hawa hupata sifa bila jina, na jina ndilo linaloleta kazi ya pili. Na kama wewe ndiye mchoraji, chukua picha ya basi lolote la umeme, lichoree kwenye simu yako jinsi ambavyo ungelipamba, kisha uiweke hadharani. Hiyo haihitaji mtaji. Mwenye sacco akiona maoni elfu moja ya "hiyo ningengoja," ataelewa lugha hiyo kuliko hotuba yoyote ya mazingira.

Kuhusu kuning'inia mlangoni ndio upate engo nzuri: acha. Hakuna video inayolingana na mguu wako.

Tao bado utaenda kesho, na nganya bado zitapita. Ukitoa simu kurekodi, zunguka hadi nyuma ya gari kabla hujaposti, uone linatoa nini. Kisha jiulize kama lile unalongoja kwa hamu linaweza kuwa na mchoro uleule bila wingu lile jeusi. Teknolojia ya kulifanya ipo tayari, na wachoraji unao hapo mtaani. Kinachosubiriwa ni abiria wa kutosha wa kulidai.