Ukikataliwa, Kata Rufaa

Kwa waombaji walio wengi wa mafao ya ulemavu nchini Marekani, jibu la kwanza la Hifadhi ya Jamii huwa ni la kukataa. Familia ya Kikongo iliyofika Louisville au Houston kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hulipokea kama hukumu: serikali imeshasema, nani wa kubishana nayo? Siku 60 za kukata rufaa zinapita kimya kimya, na mgonjwa anapoteza haki yake kabla jaji yeyote hajamsikiliza.

Mafao yenyewe ni ya aina mbili. SSDI, iliyoanzishwa mwaka 1956, ni ya mtu aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya hifadhi kwa miaka ya kutosha. SSI, iliyoanza kulipwa mwaka 1974, ni ya maskini aliye mzee, asiyeona au mwenye ulemavu, hata kama hajawahi kuajiriwa. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha SSI kutoka serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja, naye haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000. Kikomo hicho hakijapandishwa tangu 1989. Kumnyima mgonjwa nafasi ya kujiwekea hata kodi ya nyumba ya miezi michache ni ukatili, na Bunge la Marekani limeuacha uendelee kwa zaidi ya miaka 30.

Kinachowaangusha wengi ni kudhani kwamba jina la ugonjwa linatosha. Sheria inauliza jambo jingine: je, hali yako inakuzuia kufanya kazi yoyote ya kukupa kipato cha maana, na je, itadumu angalau miezi 12 au kuishia kwenye kifo? Ulemavu wa sehemu tu hautambuliwi. Ndiyo maana fomu inayouliza shughuli zako za kila siku ina uzito mkubwa. Mama aliyeumia mgongo katika kiwanda cha nyama huulizwa kama anapika, naye huandika, "Ndiyo." Ukweli wake ni mrefu zaidi: anachambua mchele akiwa ameketi, binti yake ndiye anayeinua sufuria, na kabla wali haujaiva yeye ameshakwenda kulala chali kwa maumivu. Hayo yote ndiyo yanayotakiwa kuandikwa.

Malezi yetu nayo yanatuponza. Tumefundishwa kujikaza, na daktari akiuliza hali tunajibu njema, tunamshukuru Mungu. Daktari anaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, na miezi kadhaa baadaye mstari huo unasomwa kama ushahidi dhidi yetu. Kumweleza daktari kuhusu usiku unaokosa usingizi na hatua unazoshindwa kupiga si kulalamika. Mkalimani wa Kiswahili hutolewa bure na Hifadhi ya Jamii, kwa hiyo usimbebeshe mtoto wa shule kazi ya kutafsiri siri za mwili wa mama yake.

Hatua ya kwanza ya rufaa ni kuomba uamuzi uangaliwe upya. Hapo pia wengi hukataliwa, na wengi huchoka. Wasichoke, kwa sababu hatua ya pili ni kusikilizwa na jaji, na mara nyingi ndiyo mara ya kwanza kwa mwamuzi kuisikia sauti ya mwombaji. Mtaalamu wa ajira huweza kuitwa kutaja kazi ambazo mgonjwa bado anazimudu. Kwa miaka mingi wataalamu hao wametegemea orodha ya kazi ambayo mara ya mwisho ilirekebishwa mwaka 1991, hadi mwaka 2024 Hifadhi ya Jamii ilipoamua kuacha kutumia zaidi ya kazi 100 zilizopitwa na wakati. Watu walinyimwa mafao kwa kazi ambazo hazikuwepo tena, na hilo ni kosa zito.

Wakili wa kesi hizi kwa kawaida halipwi ukishindwa. Ukishinda, huchukua asilimia 25 ya malimbikizo ya mafao yako, isizidi kikomo ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200. Atakushauri ukate rufaa badala ya kuanza ombi jipya, maana ombi jipya huweza kukupotezea malimbikizo ya tangu ombi la awali. Rufaa ipelekwe ndani ya siku 60 hata kama vyeti vya hospitali havijakamilika, vinaweza kufuata.

Kwa mkimbizi lipo jambo moja zaidi. SSI yake kwa kawaida hukoma baada ya miaka 7 asipokuwa raia, na uraia huweza kuombwa baada ya miaka 5. Ambaye ulemavu wake unamzuia kujifunza Kiingereza na historia ya Marekani anaweza kusamehewa mtihani huo kwa fomu N-648 inayojazwa na daktari. Kama una mzazi wa namna hiyo nyumbani, mpeleke kwa daktari na fomu hiyo mapema, kabla miaka hiyo 7 haijaisha.