Transfoma Haiongezi Kasi ya Santuri

Swali ni lilelile kila mara: mashine ya santuri imeletwa kutoka Marekani, imechomekwa kwenye transfoma ya kushusha umeme, na sasa kila mwimbaji anasikika kama ameamshwa usingizini, je, ninunue transfoma kubwa zaidi, au niongeze stabilaiza? Hapana. Nunua zote mbili, wimbo wa dakika 3 utaendelea kuchukua dakika 3 na sekunde 36. Transfoma hushusha volti, basi. Umeme wa Marekani hupishana mara 60 kwa sekunde, wa Tanzania na Kenya mara 50, na idadi hiyo transfoma haiigusi. Mota ya sinkronasi, iliyomo kwenye mashine nyingi za zamani, huifuata idadi hiyo, wala haijali volti. Ndiyo maana sahani iliyopaswa kuzunguka mara 33⅓ kwa dakika haifiki hata 28.

Mbona basi transfoma imeandikwa 50/60 Hz? Maandishi hayo yanasema inastahimili umeme wa aina zote mbili. Ukiingiza 50, inatoa 50. Muuzaji anayekionyesha kibandiko hicho kama ushahidi ama hajui anachouza, ama anajua vizuri mno. Na ya jirani, nayo ya Marekani, mbona inapiga sawasawa? Huenda mota yake ni ya DC, ambayo kupishana kwa umeme wa ukutani hakuihusu. Asiyeamini abandike kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, aweke sindano kwenye santuri na ahesabu mizunguko kwa dakika 3. Ikifika 100, kasi ni sahihi. Ikiishia 83, ni hiyo 50 kwa 60, na hakuna stabilaiza itakayoongeza hata mzunguko mmoja. Hesabu ikiyumbayumba, leo 94, kesho 97, ugonjwa ni mwingine.

Tiba ni chache. Kwa 83, tafuta puli ya umeme wa 50 ya modeli hiyohiyo, ambayo ni nene zaidi kwa takriban moja ya tano, au kifaa kinachozalisha kweli umeme wa 60. Mota ya DC mara nyingi ina skrubu ya kasi. Igeuze kidogo kidogo. Mkanda uliolegea ubadilishwe, usichemshwe. Puli isafishwe kwa spiriti, na tone la oili liishie kwenye ekseli ya sahani, kamwe lisiguse mkanda.