Mwenye kafi ndiye mlinzi wa mafunjo

Anayetaka kumwona tembo hupanda gari. Anayemtaka korongo-nyangumi hana budi kuingia mtumbwini. Katika ghuba ya Mabamba, magharibi ya Entebbe nchini Uganda, kwenye Ziwa Victoria, ndege huyo wa kijivu, mrefu kupita mita moja na mwenye domo pana kama kiatu, husimama tuli katikati ya mafunjo akimvizia kamongo. Wavuvi nao humtafuta kamongo huyohuyo, na zamani waliamini kwamba atakayekutana na ndege huyu hapati kitu siku hiyo. Wakawa wanamuua. Leo baadhi ya wavuvi hao hulipwa kuwapeleka wageni kumtazama. Kilichogeuka hapo ni hesabu, wala si mahubiri ya uhifadhi. Ghuba iliingia katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2006, lakini orodha hailindi kiota. Hukilinda mtu ambaye riziki yake ya kesho imo ndani yake.

Wapo watakaosema fedha za mtumbwi ni kidogo, heri mafunjo yafyekwe upandwe mpunga. Ni kidogo kweli. Ila huongezeka juu ya mapato ya samaki, na samaki huzaliana humo humo kwenye mafunjo. Ukifyeka umepoteza vyote viwili. Hoja nzito zaidi ni kwamba wageni huwasumbua ndege. Korongo-nyangumi hutaga yai moja hadi matatu, na kwa kawaida hukuza kinda mmoja tu, hivyo mitumbwi ikisongamana karibu na kiota hasara yake si ndogo. Ndiyo maana injini izimwe mapema, upondo na kafi vifanye kazi, na nahodha awe na ubavu wa kumkatalia mgeni anayetaka picha ya karibu, hata kama bahshishi itapungua. Kuhusu viboko na mamba sina utani: asiyezijua njia za maji asiende peke yake, na jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe.

Tanzania inaye ndege huyuhuyu Malagarasi-Muyovosi, eneo la kwanza la nchi hiyo kuingia katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Halmashauri za Kigoma na Tabora zikitaka utalii huko, zianze na wavuvi wenye mitumbwi kabla ya kumkaribisha mwenye hoteli.