KENDWA: FAIDA IKO NJE YA CHUMBA

Wafanyabiashara wengi wanapoutazama utalii wa Unguja huhesabu vyumba na vitanda. Kwa kijiji cha Kendwa, kilichopo kaskazini-magharibi ya kisiwa, takriban kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe, hesabu hiyo ina upungufu. Mgeni anayekwenda kulala Kendwa hafuati chumba. Anafuata bahari, mchanga na matembezi. Kwa sababu hiyo mwenye mtaji mdogo ana nafasi nzuri zaidi katika mambo yanayofanyika nje ya mlango wa chumba kuliko ndani yake.

Soko lenyewe limekua. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000 mwaka 2019. Mwaka 2020, kutokana na Uviko-19, idadi ilishuka hadi kiasi cha 260,000. Kufikia 2023 ilipita 638,000, na mwaka 2024 ikavuka 736,000. Si wote wanaofika Kendwa, lakini pwani ya Nungwi na Kendwa ni miongoni mwa maeneo yanayolaza wageni wengi zaidi Unguja.

Ilivyoanza

Karafuu ndiyo iliyokuwa nguzo ya fedha za kigeni Zanzibar. Katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na bei ikaporomoka. Serikali ikageukia njia nyingine, na sheria ya kulinda vitega uchumi ikapitishwa mwaka 1986.

Kendwa ya wakati huo ilikuwa kijiji cha wavuvi kwenye ardhi ya maweni, isiyofaa kwa mikarafuu. Katikati ya miaka ya 1990 yalisimama mabanda ya kwanza ya wageni, yakiwemo ya Kendwa Rocks. Mgeni alifika kwa boti kutoka Nungwi, au kwa miguu kupitia ufukweni maji yakiwa yametoka. Alilala chini ya makuti, akala samaki wa siku hiyo, akaamshwa na jogoo. Leo kuna hoteli kubwa jirani, zikiwemo Gold Zanzibar na La Gemma dell'Est, lakini nyumba ndogo za wageni hazijafutika sokoni.

Bidhaa ni maji kupwa na kujaa

Mwekezaji anapaswa kujua kwanza kinachouzwa. Pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani, ina uwanda mpana wa miamba. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, bahari hurudi mbali sana na mgeni hubaki akitazama mchanga na mwani. Kendwa kina cha maji huongezeka karibu na ufukwe, hivyo mgeni anaweza kuogelea saa yoyote. Hiyo ndiyo tofauti inayoipa Kendwa bei yake.

Tofauti ya pili ni upepo. Kusi, unaovuma kuanzia Juni hadi Septemba, hupiga zaidi upande wa mashariki, na Kendwa hukingwa na kisiwa chenyewe. Ya tatu ni jua. Kendwa inatazama magharibi, na mgeni huliona jua likizama baharini, jambo ambalo hoteli ya pwani ya mashariki haiwezi kumpatia kwa fedha yoyote.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililojengwa na mwenye hoteli. Yote ni mali ya pwani, na yeyote mwenye chombo, leseni na maarifa anaweza kuyafanyia biashara.

Mgeni anakwenda wapi

Wageni wanaolala siku mbili tatu huulizia matembezi ya karibu, na orodha si fupi.

Nungwi ni mwendo wa miguu maji yakiwa yametoka. Maji yakijaa njia hiyo hufungwa na miamba, na asiyejua saa za maji hurudi kwa gari. Huko mafundi hujenga majahazi na mashua ufukweni kwa tezo na keekee. Karibu na mnara wa taa lipo bwawa la asili la Mnarani, linaloingia na kutoka maji ya bahari, ambako wanakijiji wamekuwa wakitunza kasa tangu mwaka 1993. Kiingilio kinacholipwa pale ni mapato ya kijiji.

Kusini ya Kendwa, kwenye njia ya kurudi mjini, yapo magofu ya Fukuchani na Mvuleni, nyumba za mawe ya matumbawe zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16. Wageni wengi huyapita bila kuyaona kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mvuleni kuna pango lenye maji baridi nyuma ya gofu. Kwa mwongozaji mwenye baiskeli kumi za kukodisha, hiyo ni safari ya nusu siku isiyohitaji lita moja ya mafuta.

Upande wa bahari, kisiwa cha Tumbatu kiko mbele ya macho, pamoja na magofu ya mji wa kale wa Makutani. Watumbatu ni mabaharia mashuhuri na watu wa staha. Mgeni hupelekwa kwa ruhusa na mavazi ya heshima, si kwa kuvamia. Kwa wazamiaji, miamba ya Mnemba, iliyowekwa chini ya hifadhi ya bahari mwaka 2002, ndiyo inayoulizwa zaidi. Lakini boti kutoka Kendwa lazima izunguke Ras Nungwi, na kusi ikikaza bahari huko huchafuka. Nahodha mwenye busara siku hiyo huuza Tumbatu badala ya Mnemba, na hapotezi mteja.

Hesabu ya maji baridi

Hapa ndipo mitaji mingi inapozama. Ardhi ya maweni haihifadhi maji mengi, na kisima kikivutwa kupita kiasi huingiza chumvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani ya Unguja ulikadiria kuwa mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku. Katika nyumba za wageni wastani ulikuwa lita 248, na katika hoteli lita 931. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na kumwagilia bustani.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba 10, kila kimoja watu wawili. Kwa kiwango cha nyumba ya wageni, wageni 20 wanahitaji lita 4,960 kwa siku. Kwa kiwango cha hoteli wanahitaji lita 18,620. Tofauti ni lita 13,660 kila siku, na maji hayo yakikosekana kisimani yataletwa kwa boza. Mwenye nyumba ndogo anayeweka majani ya bustani na bwawa la kuogelea ili afanane na hoteli kubwa anajitwisha gharama ya kuuza kitu ambacho bahari inakitoa bure mlangoni mwake.

Kuna upande wa jirani pia. Kisima cha hoteli na kisima cha kijiji huchota kutoka hazina moja chini ya mwamba. Kijiji kikianza kuteka maji ya chumvi kwa sababu ya bustani ya mtu mmoja, mgogoro utakaofuata hautatatuliwa kwa leseni.

Hesabu ya nishati inafanana na hiyo. Mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mzima bila umeme. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa miezi mitatu, kutokana na hitilafu kwenye njia ya umeme kutoka Bara. Waya mpya wa baharini wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 ulileta nafuu. Hata hivyo somo limebaki: banda linalopitisha upepo wa bahari hustahimili giza, lakini chumba kilichozibwa kwa ajili ya kiyoyozi hudai jenereta na dizeli usiku na mchana.

Hesabu ya msimu

Vyumba 10 kwa mwaka ni usiku 3,650 wa kuuza. Aprili na Mei, masika yakikolea, baadhi ya nyumba hufunga. Miezi hiyo miwili pekee ni usiku 610, yaani sehemu moja ya sita. Zinabaki 3,040. Nyumba ikijaa nusu kwa wastani, zinauzwa 1,520. Kodi ya ardhi, mishahara na makuti mapya kila baada ya miaka michache vyote hubebwa na hizo 1,520. Anayepiga hesabu ya mkopo kwa 3,650 amejidanganya kabla benki haijamdanganya.

Kuna pia kalenda ya mwezi. Kendwa Rocks imejulikana kwa sherehe ya mbalamwezi, ambayo kwa kawaida hufanyika Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu. Usiku huo teksi, vyakula na vinywaji huhitajika kuliko kawaida. Siku hizo hizo wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika, kwa kuwa dagaa hawafuati taa penye mwanga wa mwezi. Fedha ya mvuvi hupungua wiki ambayo fedha ya mgeni inaongezeka, na mwenye chombo anayeitazama kalenda hiyo hujipanga mapema.

Mwezi wa Ramadhani nao una utaratibu wake. Mgeni huhudumiwa ndani ya eneo la hoteli, na mwongozaji hupanga matembezi ya kijijini asubuhi au baada ya futari.

Wauzaji wa vyakula

Hoteli hutaka bidhaa ileile, kwa kiwango kilekile, kila siku. Diko la samaki halifanyi hivyo: leo kuna jodari na nguru, kesho pweza tu. Anayeziba pengo hilo kwa barafu, sanduku la kuhifadhia na simu ana biashara. Mboga nazo, nyingi huvuka bahari kutoka Bara. Mkulima wa Kaskazini Unguja anayeweza kufikisha nyanya, bilinganya na majani ya saladi asubuhi ana faida ya nauli dhidi ya mpinzani wake aliye ng'ambo.

Tahadhari iko kwenye malipo. Hoteli nyingi hupenda kulipa mwisho wa mwezi au baadaye. Muuzaji mwenye mtaji wa wiki moja hawezi kukopesha wiki nne. Ni bora kuuzia nyumba tatu ndogo zinazolipa taslimu kuliko hoteli moja inayoandika daftarini.

Ardhi na vibali

Ardhi yote Zanzibar ni ya umma. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1992, haki ya kutumia ardhi hupewa Mzanzibari, na mgeni hupata mkataba wa kukodi. Mwekezaji mdogo asinunue "kiwanja cha bahari" kwa karatasi ya mkono. Aanze kwa sheha wa shehia, kisha wilaya na Kamisheni ya Ardhi, na kwa mradi wa hoteli apite ZIPA. Anayetaka kuongoza wageni au kuwapeleka baharini apate leseni ya Kamisheni ya Utalii. Papasi asiye na leseni huchukua fedha ya leo na kuharibu jina la kesho. Boti bila maboya ya kuokolea ni hasara inayosubiri siku yake.

Jambo moja zaidi lapaswa kuzingatiwa na kila mwenye hisa Kendwa, mkubwa na mdogo. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi, Zanzibar ikiwemo. Nanga zinazotupwa juu ya miamba, maji machafu yanayoelekezwa baharini na kuta zinazojengwa karibu mno na kikomo cha maji huongeza jeraha hilo. Mchanga ukihama na mwamba ukifa, chumba cha Kendwa hakitakuwa na tofauti na chumba cha mahali pengine popote.

Kwa muhtasari

Mwenye mtaji wa kujenga afikirie vyumba vichache, bustani ya miti ya asili isiyohitaji kumwagiliwa, na matangi ya kuvuna mvua ya masika na vuli. Mwenye chombo ajifunze kuuza jua la magharibi, Tumbatu na magofu, siyo Mnemba peke yake. Mwenye shamba au barafu atafute nyumba zinazolipa taslimu. Na wote wawe na jedwali la maji kupwa na kujaa ukutani, kwa kuwa Kendwa ndilo linalopanga saa za biashara.