Malori ya zamani ya jeshi: Kubeba gari ni rahisi, kazi ni kusimama

MALORI yanayostaafishwa na jeshi la Marekani huuzwa kwa raia, na wapo wanaoyanunua ili kusafirishia magari madogo. Mojawapo ya yanayopendwa ni M35, aina iliyoanza kutumika mapema katika miaka ya 1950. Lina ekseli tatu, na likiwa tupu huwa na uzito wa karibu tani 6.

Kwa uzito pekee, mzigo si tatizo. Jeshi liliruhusu M35A2 kubeba kilo 2,268 porini na maradufu ya kiasi hicho kwenye lami. Gari la kilo 1,400 ni mzigo mwepesi kwake, na hesabu hiyo ndiyo inayowahadaa wengi.

Hatari imo katika breki. Dereva akikanyaga, hewa husukuma mafuta ya breki, nayo katika malori mengi ya aina hii hupita katika mfumo mmoja unaohudumia magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, breki zote hutoweka kwa pamoja. Hubaki breki ya mkono, ambayo haikuundwa kuzuia tani 7 mteremkoni. Kwa hivyo mabomba ya mpira na silinda za breki zikaguliwe, na zilizochakaa zibadilishwe, kabla ya mnunuzi kufikiria mzigo wowote.

Jambo la pili ni kimo. Sakafu ya bodi iko zaidi ya mita moja kutoka ardhini, na gari likipandishwa juu yake, lori huwa jepesi kupinduka kwenye kona. Hata jeshi lenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1990, liliyawekea malori yake ya tani 5 aina ya M939 kikomo cha kilomita 64 kwa saa kutokana na ajali, hadi yafungwe breki zisizokwamisha magurudumu.

Urefu nao una lake. Bodi ya M35 ina takriban mita 3.7, ilhali Toyota Corolla ya sasa hupita mita 4.6. Magurudumu ya nyuma hukaa ukingoni kabisa, na mkia huning’inia nje. Kupandisha kwa mbao fupi ni kujitafutia balaa; afadhali lori lirudishwe nyuma hadi kwenye tuta la udongo lililolingana na sakafu yake.

Kwa wasafirishaji wa kibiashara, sheria ya Marekani huagiza gari dogo lifungwe mbele na nyuma, na mikanda ikaguliwe tena kabla ya kilomita 80 za kwanza kwisha. Inafaa ifungwe kwenye magurudumu, kwani bodi ya gari hunesanesa juu ya springi na kuilegeza.

Wengine huamua kuvuta tela la chini lenye breki zake, uamuzi wa busara zaidi. Wakumbuke tu kwamba umeme wa lori hilo ni wa volti 24, na taa za tela la kiraia ni za volti 12.